Boti Imefungwa, Afande

Usiniambie hukuona. Ulikuwa juu ya daraja jana Jumapili, umepunguza mwendo, dirisha umelishusha, mfuko wa karanga za kuchemsha uko mapajani. Uliona watu wazima waliovaa nguo nyeupe wakivuta kamba kando ya mto St. Marys. Ukadhani ni mchezo wa kanisa, ukapandisha kioo, ukaenda zako. Ndivyo ulivyofanya walipofunga kiwanda cha uduvi. Ndivyo ulivyofanya walipoliuza gati letu la upande wa Georgia kwa wajenzi wa maghorofa. Shingo yako ni laini mno, ndugu yangu, imezoea kugeuka. Leo itulize kidogo nikueleze kilichokuwa kwenye ncha ya pili ya ile kamba. Na usiogope, kicheko kimo tele. Sisi watu wa mto huu hatujawahi kuwapa wakubwa raha ya kutuona tumenuna.

Luvenia Mungin alianza kumwombea mumewe abatizwe tangu siku ya harusi yao. Mumewe, Ozell, alikuwa mvuvi wa uduvi, na jibu lake lilikuwa lile lile miaka nenda miaka rudi: "Mto huu umeshanizamisha mara ngapi, mama? Kama dhambi zangu zilikuwa za kuoshwa, sasa hivi ziko Afrika zinauza nguo."

Kisha asubuhi moja ya Mei, akiwa na bakuli la grits, uji mzito wa mahindi, mbele yake, bila kuulizwa na mtu, akasema, "Sawa."

"Sawa nini?"

"Nitaingia majini."

Luvenia akaweka mwiko chini polepole, kama mtu aliyeona ndege katua karibu na hataki aruke. "Lini?"

"Jumapili. Lakini nitashukia kwenye boti yangu mwenyewe. Sitaki kusafirishwa kama mbuzi wa mnada kwenye kile kidude ambacho Mchungaji anakiita boti. Boti yangu ndiyo iliyotulisha, ndiyo itakayonipeleka. Na wewe usilie."

"Nani analia?" alisema Luvenia, akageukia jiko ili alie vizuri.

Jumapili nyingine isingefaa. Kwetu mtu habatizwi maji yakijaa. Hubatizwa maji yakipwa, ili mto uzichukue dhambi uzipeleke baharini moja kwa moja. Ukimzamisha mtu maji yakipanda, dhambi zitarudi kugonga mlango wa jikoni kabla wali haujaiva. Na Jumapili ambayo maji huanza kupwa ibada ikiisha haiji kila wiki. Luvenia alilijua hilo, na alimjua mumewe pia. Ukimwachia nafasi, Ozell huteleza kama samaki mkunga. Ilikuwa ni Jumapili hiyo au kaburini.

* * *

Boti yao inaitwa Miss Luvenia, na tangu gati la Georgia liuzwe ilikuwa ikilala ng'ambo, kwenye gati la kanisa letu, upande wa Florida. Mto ni ule ule. Ukitema mate ukiwa Georgia, samaki wa Florida huyapata. Lakini mpaka wa majimbo umepita katikati ya maji, na hapo ndipo afisa wa doria aitwaye Tillis alipomkuta Ozell Jumanne akisugua sitaha.

"Habari za asubuhi, mzee. Stika iko wapi?"

"Stika ya nini?"

"Ya jimbo."

"Hii boti si ya jimbo, afande. Imeandikishwa kwa serikali kuu, tangu enzi za wavu. Soma hapo tezini, nyuma ya boti: jina, na bandari ya nyumbani. Namba yake imechongwa ndani, kwenye boriti. Na cheti hiki hapa, kina muhuri wa ndege tai."

Tillis alikipokea cheti kwa heshima. Ni lazima niseme ukweli, hakuwa kijana mbaya. Vijana wabaya tungejua namna ya kupambana nao.

"Cheti kizuri. Kinasema boti ni yako. Hakisemi umejiandikisha kutembea kwenye maji ya Florida."

"Ng'ambo hawaniulizi."

"Ng'ambo ni Georgia. Kule cheti cha serikali kuu kinatosha. Huku boti ya starehe yenye cheti hicho lazima isajiliwe na jimbo pia, ibandikwe stika. Mgeni tunampa miezi mitatu. Ulikuja lini?"

Mwongo angesema juzi. Ozell alikuna kichwa. "Kabla ya Krismasi. Luvenia alikuwa anachoma pai za viazi vitamu."

"Sasa ni Mei, mzee."

"Hebu ngoja. Umesema boti ya nini?"

"Ya starehe. Hapa imeandikwa hivyo, tangu ulipoacha uvuvi."

"Starehe!" Ozell aliangalia huku na huku akitafuta shahidi. "Hii boti imenivunja mbavu, imenila kidole, na wewe unaniambia ni ya starehe?"

Kicheko kilitoka majini. Boti kubwa jeupe, refu kama nyumba tatu, lilikuwa likipita taratibu, na wanawake wawili wenye miwani walikuwa wameegemea ukingo wakitazama kama watu walionunua tiketi. Tezini liliandikwa Faida Tupu, na chini yake mji wa Delaware, mji ambao boti hilo halijawahi kuunusa. Nalo lina cheti chenye tai. Stika yake ilimeta pembeni. Mwenyewe hajawahi kupanga foleni yoyote kwa ajili yake, maana ana mtu wa kumpangia.

"Boti isitoke mpaka iwe na stika," alisema Tillis, akamwandikia onyo.

* * *

Kesho yake walikwenda kwenye ofisi ya wilaya wakiwa wamevalia kama watu wanaokwenda kusikiliza wosia. Karani, Bi Norvelle, alimsemesha Ozell kwa sauti ya kumwitia mtu aliye upande wa pili wa mto.

"UNA BOTI, MZEE?"

"Nina boti. Masikio pia ninayo."

Bi Norvelle akamgeukia Luvenia. "Anataka kufanya nini?"

"Muulize mwenyewe, mwanangu. Yuko hapo hapo. Ndiye mwenye kofia."

Ozell akatoa cheti. Karani akakishika kwa ncha za kucha, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele. "Hili la tai silijui. Mimi nataka urefu, rangi na aina ya injini." Akaanza kubonyeza. Katikati ya kubonyeza akaingia kijana mwenye tai ya shingoni na viatu visivyo na soksi, akasema, "Norvelle, za yale maboti yetu," naye Bi Norvelle akainuka, akampa bahasha, akamuulizia mama yake, akacheka, akamsindikiza mpaka mlangoni. Mungin na mkewe wakasubiri. Sisi ni hodari sana wa kusubiri, tumefundishwa tangu kwa babu zetu. Noti za Luvenia zilikuwa zimekunjwa ndani ya leso, na karani alizinyoosha moja moja juu ya meza kana kwamba zina homa.

Lakini mwisho wa yote stika ilitoka. Stika yenyewe, ya rangi, inang'aa! Na namba.

"Hizi namba ziandike pande zote mbili za omo, kule mbele," alisema Bi Norvelle. "Herufi kubwa, zisomeke mbali. Stika ibandike karibu nazo."

Waliimba njia nzima kurudi nyumbani. Na hapo Ozell akafanya jambo ambalo ni mtu wa kwetu tu angeweza kulifanya. Hakununua herufi za plastiki. Alichukua kopo la rangi ya buluu iliyobaki walipopaka dari ya kibaraza, ile buluu ya kufukuzia mizuka, akasema kama namba ni lazima, basi na zifanye kazi mbili. Akaziandika kwa mkono wake, kubwa, kila herufi na mkia wake, mpaka Miss Luvenia ikaonekana kama bibi aliyepaka wanja. Majirani walikuja kuziangalia. Mchungaji Renty, mtu mfupi anayeogopa maji kupita kiasi kwa mtu mwenye kazi kama yake, alisema ni kazi ya kumtukuza Bwana.

Ijumaa jioni Tillis akarudi. Alizima injini mbali kidogo, akavua miwani.

"Mzee Mungin. Futa."

"Nifute nini?"

"Namba."

"Mlinipa wenyewe!"

"Boti yenye cheti cha serikali kuu haionyeshi namba ya jimbo. Hairuhusiwi. Stika tu, basi." Akasoma karatasi ya ofisini, akafumba macho kidogo. "Na hapa karani amekuandikisha kama boti ya kawaida, isiyo na cheti. Hii stika ni ya boti isiyokuwepo duniani."

Luvenia alikuwa amesimama gatini na sinia la kaa waliojazwa viungo na kuokwa. "Nisikilize, mwanangu. Jumanne mlitukamata kwa sababu hatuna. Leo mnatukamata kwa sababu tunazo. Sasa hebu niambie, mtu mweusi awe na kiasi gani cha kitu ndipo alale usingizi?"

Tillis akawa mwekundu masikioni. "Ni kosa la ofisi, mama. Warudishieni, wairekebishe."

"Ofisi imefungwa mpaka Jumatatu."

"Basi Jumatatu."

"Na Jumapili mume wangu anabatizwa."

Alimtazama Ozell, akaitazama boti, akautazama mto, kijana yule. Alikuwa na huruma, nayo huruma yake ilikuwa imesajiliwa vizuri, ina mipaka. "Sikilizeni. Boti ikiwa imefungwa hapa gatini, mimi sina neno. Kaeni ndani, kuleni, imbeni. Lakini ikifunguliwa, naikamata. Nisingependa kuikamata siku ya kanisa."

"Imefungwa gatini," alirudia Luvenia.

"Imefungwa gatini, mama. Sitaandika hata herufi."

Luvenia akampa kaa mmoja. Sisi tulidhani ni ukarimu. Kumbe alikuwa anatia muhuri.

* * *

Jumapili asubuhi Ozell aliamka na furaha isiyomstahili. Alivaa kofia yake ya kuvulia. "Basi tena, mama. Mimi nilikuwa tayari. Serikali ndiyo imekataa. Huwezi kushindana na Florida."

"Vaa shuka jeupe."

"Boti haitoki."

"Vaa shuka jeupe, Ozell Mungin."

Walipofika gatini, kanisa zima lilikuwa limetangulia, na kila familia ilikuwa imebeba kamba.

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wewe wa darajani ulipogeuza shingo. Unajua zile kamba zilitoka wapi? Kila nyumba kwenye mto huu ina banda, na kila banda lina kamba ya wavu wa boti ambayo haipo tena. Boti ya akina Bolden iliuzwa siku mafuta yalipopanda. Ya akina Sams ilioza ikingoja uduvi wapande bei, nao uduvi wa kutoka nchi za nje wakaishusha. Ya mjane Frazier benki iliivuta mchana kweupe, watoto wakiangalia. Boti zilikwenda, kamba zikabaki, maana hakuna benki inayotaka kamba. Wenyewe hawakuzitupa. Ukiwauliza kwa nini, walikuambia zitafaa siku moja. Ozell mwenyewe alikuwa akiwacheka.

"Dada Luvenia," aliita Mchungaji Renty, akikaa mbali na ukingo, "nieleze tena taratibu. Tunafanya nini?"

"Afande alisema boti iwe imefungwa gatini."

"Ndiyo."

"Hakusema kamba iwe na urefu gani."

Kisha mjane Frazier akaanza kucheka, kicheko cha kutoka chini kabisa ya tumbo, akaketi palepale gatini, miguu mbele, akipiga mbao kwa kiganja. Kikatuambukiza sote. Wazee waliosahau magoti yao yanafanya nini wakainama wakaanza kufunga mafundo. Ya Bolden kwa ya Sams, ya Sams kwa ya Frazier, fundo la wavuvi, lile lisilofunguka ukilivuta. Ncha moja ikafungwa kwenye nguzo ya gati mara tatu. Ncha ya pili Ozell akaifunga mwenyewe kwenye omo ya Miss Luvenia, bado hajaamini.

"Mama," alimnong'oneza mkewe, "wewe ni mtu hatari."

"Panda."

Maji yalianza kupwa. Walipanda Ozell, Luvenia na Mchungaji, ambaye alishikilia mlingoti kwa mikono miwili. Injini haikuguswa. Gatini tukaishika kamba sote, wake kwa waume, tukaanza kuiachia kidogo kidogo huku tukiimba, na mto ukaichukua boti kama mama anavyochukua mtoto kwa jirani. Ozell akageuza usukani. Mwenye kuujua mto anajua kwamba boti iliyofungwa omo, ukiilaza kidogo upande, mkondo wenyewe utaisukuma ivuke. Miss Luvenia ikaanza kukata kuelekea Georgia, kamba nyuma yake ikiinuka majini na kudondosha matone, kuelekea fungu la mchanga lililo ng'ambo ya katikati, pale tulipobatiziwa sote.

Tillis akatokea kwenye kona, taa zikimulika.

"Mzee Mungin! Nilikwambia boti isitoke!"

"Haijatoka!" Ozell alipaza sauti, sasa naye furaha imempanda kichwani. "Boti imefungwa, afande!"

"Imefungwa wapi?"

"Gatini! Fuata kamba!"

Tillis akaifuata kamba kwa macho. Akaifuata fundo kwa fundo, mpaka kwenye mikono yetu, mpaka kwenye nguzo. Tukampungia. Mjane Frazier akainua mkia wa kamba pale nguzoni na kumwonyesha fundo, kama mtu anayeonyesha samaki aliyemvua. Kijana akatoa kalamu, akairudisha mfukoni. Unaweza kumkamata mtu kwa kutotii. Lakini kwa kutii namna hii, hilo hakufundishwa.

Na wakati huo huo, kutoka upande wa juu wa mto, ikaja Faida Tupu. Ilikuta kamba imelala katikati ya njia, ikapiga honi. Mwenyewe akatoka na glasi mkononi, anapiga kelele kwamba ana nyaraka zote, ana stika, ana haki ya kupita.

"Afande!" aliita Luvenia. "Mwambie asubiri. Ni mtu mmoja tu wa kuzamishwa."

Sijui Tillis aliwaza nini. Labda yule kaa aliyejazwa alimkumbuka tumboni. Aligeuza boti yake, akaiweka mbele ya ile nyumba nyeupe, akainua mkono. "Bwana, subiri. Kuna ibada."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka dhambi ziishe," Luvenia alijibu kwa niaba ya serikali.

Wakasubiri. Wale wanawake wenye miwani waliegemea ukingo tena, ila safari hii mmoja aliivua miwani yake. Wao wakasubiri, sisi tukaendelea. Andika hilo mahali, maana halijawahi kutokea kwenye mto huu tangu uanze kutiririka.

Ozell alishuka kwenye fungu, maji ya kiuno. "Luvenia," alisema, "nikirudi juu nitakuwa mtu mwingine?"

"Mungu anisaidie, natumaini kidogo tu. Huyu nilishamzoea."

Mchungaji Renty alifumba macho kwa ajili ya roho na kwa ajili ya woga, akasema maneno, akamlaza. Mto ukamfunika. Kisha Ozell Mungin akaibuka, maji yakimtoka puani, mikono juu, akapiga ukelele uliosikika majimbo mawili:

"Nimemeza kitu! Kina miguu!"

Luvenia alikuwa ameambiwa asilie. Aliruka kutoka kwenye boti na gauni lake, kofia na viatu, akamkumbatia mumewe mle mle majini, akicheka na kulia na kumpiga mgongoni ateme uduvi. Uduvi akatoka mzima, akaogelea zake kuelekea baharini na mzigo wake. Tillis alikuwa amevua kofia.

Kisha tukaanza kuvuta. Maji yanakwenda chini, sisi tunapeleka juu. Boti nzima na watu wake watatu walioloa, kwa mikono, dhidi ya mto. Viganja vilichubuka, na hakuna aliyetaka kupokelewa zamu. Kamba za akina Bolden, Sams na Frazier zilikaza, zikalia, hazikukatika. Miss Luvenia ilipogusa gati, wali mwekundu wa nyanya ulikuwa tayari.

* * *

Ni vizuri. Cheka. Hata mimi nikikumbuka nacheka peke yangu. Lakini usinipandishie kioo tena.

Leo ni Jumatatu. Ofisi inafunguliwa. Luvenia na Ozell wako kwenye foleni na cheti chenye tai na stika ya boti isiyokuwepo, na Bi Norvelle atapaza sauti. Kijana asiye na soksi ataingia. Wao ni wawili tu, na Jumapili tuliona wawili hawatoshi, ilibidi mikono yote ile. Sitaki uniambie umesikitika. Sitaki uwaombee, hilo Luvenia analiweza kuliko wewe. Nataka uweke chini hayo makaratasi unayosoma, uvae viatu, uje usimame nyuma yao mlangoni, foleni ifike barabarani, na huyo kijana akitaka kupita mwambie asubiri, kuna watu.

Inuka. Kamba bado ina nafasi ya mikono yako. Shika.